Motere Inayokula Maneno

Nicodème Ngoie alikuwa karani wa reli katika stesheni ya Kamina tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba jambo laweza kusemwa kwa maneno machache. Yeye ndiye aliyetangaza treni kwenye kipaza sauti. Pale ambapo karani mwingine angesema treni ya Lubumbashi imechelewa, basi, Nicodème alianza kwa kuwasalimu wasafiri waheshimiwa, akaeleza hali ya njia, akagusia mvua, na alipofika kwenye treni yenyewe alikuwa hana pumzi tena. Siku hizi, akisimulia habari zake, hucheka kabla ya wasikilizaji. "Nilikuwa na bugonjwa," husema, "na dawa yake ilinifuata mu jeep."

Vita vilipoanza tena mwaka 1998, treni zilipungua hadi kipaza sauti kikanyamaza. Nicodème aliendelea kwenda kazini asubuhi, akaketi mezani pake, akarudi nyumbani. Aliyeilisha nyumba ni mkewe, Phébé, mwanamke mtulivu wa kwaya ya Wametodisti, ambaye alikuwa amegeuza sehemu ya nyumba yao nyuma ya stesheni kuwa vyumba vya wageni. Vilikuwa vinne, kila kimoja na chandarua chake, na jioni mgeni alipata bukari, yaani ugali, na samaki wa ziwa Kisale.

Mchango wa Nicodème katika biashara hiyo ulikuwa jina. Alilichora mwenyewe kwenye ubao juu ya mlango, kwa Kifaransa: Résidence Hôtelière L'Horizon Ferroviaire. Maana yake ni kama makazi ya wageni yanayotazama upeo wa reli, ingawa kilichotazamwa kutoka pale ni ukuta wa ghala na behewa bovu lililoota majani. Mjini hakuna aliyelitamka jina hilo. Watu walisema tu kwa Mama Phébé.

Kadiri vita vilivyokaribia, wafanyabiashara waliacha kusafiri, na vyumba vikabaki na vyandarua vyake vimefungwa mafundo. Ndipo Éliane alipokuja.

Éliane alikuwa mtoto wa dada yake Nicodème, mwanamke mzima aliyefanya kazi katika ofisi ya kanisa huko Ndola, Zambia. Alikuja kwa ndege ndogo ya misheni kumtazama mama yake mgonjwa, na kabla ya kurudi alikula chakula cha mchana kwa mjomba. Ni yeye aliyeleta neno intaneti katika nyumba hiyo. Alieleza kwamba ofisini kwao kulikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu, na kwamba ndani yake mtu angeweza kusoma kurasa zilizoandikwa na watu wa dunia nzima.

"Mapage iko mingi kupita bantu ya Kamina," alisema. "Sasa muntu iko Bruxelles, anatafuta nyumba ya kulala huku. Atakujua namna gani, tonton? Iko motere ya kutafuta. Anaandika maneno, na motere inamuletea mapage yenye iko na ile maneno."

Nicodème, mtu wa reli, alikuwa amesikia jambo moja tu, injini, akauliza mafuta yake. "Ile motere inatumia mazout ao essence?"

"Haitumie mazout, tonton. Inakula maneno."

Nicodème anasema kwamba hapo ndipo alipopotea. Injini inayokula maneno! Maisha yake yote alikuwa na chakula cha injini hiyo mdomoni, akikimwaga bure kwenye kipaza sauti.

Éliane alijitolea kumtengenezea ukurasa mmoja, kwa kuwa mkuu wake alimruhusu kutumia mashine saa za mapumziko. Aliomba maelezo mafupi. "Unisikilize muzuri," alisema. "Muntu hatafute jina yenye hajue. Anatafuta kintu anahitaji. Kwa hiyo uandike na maneno ya ule mugeni, hapana na maneno yako. Kichwa ya page iseme wazi page iko ya nini. Useme Kamina, useme gare ya treni, useme vyumba, chakula. Kisha nitaomba kanisa iweke njia kwa page yao, ya kumuleta muntu kwako. Motere ikiona bantu bengine banakuonyesha, inafikiri, huyu iko muntu ya kweli."

"Nimeelewa," alisema Nicodème.

Phébé alimtazama mumewe, akamtazama Éliane, kisha akaendelea kuondoa miiba kwenye samaki wake.

Maelezo ya Nicodème yaliianza historia kwa wahunzi wa kale wa Sanga. Yalipitia wafalme, yakafika kwa Wabelgiji na kujengwa kwa njia ya reli, yakampata Nicodème mwenyewe akiwa shuleni, yakasimulia alivyopata nishani ya darasa kwa imla, na mwisho kabisa, pale ambapo karatasi ilianza kubana, yakataja kwamba kuna vitanda. Bahasha ilikuwa nene hata rubani wa misheni akauliza kama ni vitabu vya kwaya.

Baada ya muda alikwenda kuuliza matokeo. Mawasiliano yote ya mbali hapo Kamina yalipita kwenye foni, redio ya mawimbi iliyokuwa katika kibanda cha Émerence karibu na soko, na kila aliyesubiri zamu yake alisikia kila kitu. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu habari za mapigano upande wa Manono zilikuwa mbaya na kila mtu alimtafuta wake. Sauti ya Éliane ilifika ikiwa imejaa mchanga, na kila kauli ilifungwa kwa à vous, yaani zamu yako.

"Tonton, page iko. Lakini bantu habaifungue. À vous."

"Hata mumoja? À vous."

"Mumoja. Ilikuwa minyi. À vous."

Foleni ilicheka kusikia kwamba msomaji pekee ni mpwa mwenyewe. Katika siku zile watu hawakupata vichekesho vingi, na Nicodème husema kwamba angalau hilo alilitoa bila malipo.

Lakini alikuwa ameumia. Alirudi nyumbani, akaketi karibu na redio yake ndogo, akawaza. Wageni wanatafuta nini? Wakati huo huo mtangazaji wa redio ya ng'ambo alikuwa anasoma habari za vita vya Kongo, na Nicodème akasikia jina la mji wake likitajwa mara moja, na mara ya pili, na kila mara likifuatwa na neno lile lile: base. Kamina-base ni kambi kubwa ya jeshi na uwanja wa ndege, mbali kidogo nje ya mji. Vita vilipokuja, wanajeshi wa nchi rafiki walitua hapo, na ndege zao zikawa zinapita juu ya mapaa asubuhi na jioni.

Nicodème aliruka kutoka kitini. Alikuwa amegundua! Dunia nzima ilikuwa inaandika "Kamina base" ndani ya motere, na yeye alikuwa anailisha motere nishani ya imla.

"Phébé," alisema, "nitaweka base."

"Base iko mbali na hapa," alisema Phébé. "Mugeni wa base atalala kwa base."

"Atafika kwanza kwa page. Akifika, ataona vyandarua."

Phébé alimwambia kwamba mtu anayetafuta ndege hanunui samaki. Nicodème alimjibu kwa upole kwamba mambo haya ni ya kitaalamu.

Alirudi kwenye foni akiwa na maneno yake kichwani, na kwa kuwa mawimbi yalikuwa mabaya, aliyapigia kelele. Alimwagiza Éliane aweke base. Aweke ndege. Aweke askari, uwanja, mizigo, kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, aweke almasi, dhahabu na shaba, maana wazungu hupenda vitu hivyo. Foleni iliyokuwa nyuma yake ilisogea nyuma hatua moja, kama watu waliomwona nyoka. Émerence, mwenye foni, mwanamke mnene mwenye huruma, alimgonga bega. Nicodème alidhani anamharakisha, akaongeza sauti.

"Tonton, ile maneno haiko mu page," alisema Éliane. "Nyumba yako haina ndege. Ukidanganya motere, muntu atakuya, ataona haiko kintu anatafuta, atakwenda. À vous."

"Kamina iko na ndege ao haina? À vous!"

Kana kwamba imeitwa, ndege ya mizigo ilipita juu ya kibanda, ikafunika kila sauti.

"Umesikia?" aliuliza Nicodème kwa ushindi.

Éliane alipumua hata foni ikapiga mluzi. Alisema kwamba wapo watu wanaofanya ujanja kama huo. Huyaandika maneno chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, msomaji asiyaone ila motere iyaone. Lakini alisema huo ni udanganyifu, na siku moja motere zitakuwa na akili, na watu hao watafukuzwa. Alilisema jambo hilo kama onyo. Nicodème alilisikia kama shauri.

"Njo vile!" alipiga kelele. "Weka vile vile, nyeupe kwa nyeupe! Minyi njo mujomba yako. À vous!"

Na kwa kuwa alikuwa mjomba kweli, Éliane aliweka.

Ukurasa ulipanda. Hilo lazima lisemwe, na Nicodème hulisema kila mara, hata akijicheka: ulipanda kweli. Aliyeandika Kamina ndani ya motere alimkuta yeye wa kwanza, na aliyeongeza neno base alimkuta yeye tena. Barua zilianza kuingia kwenye mashine ya Ndola, na Éliane alizisoma kwenye foni kwa sauti isiyo na furaha. Mzungu mmoja wa Ulaya aliyekusanya namba za ndege, kama wengine wanavyokusanya stempu, alitaka kujua ni namba zipi zimechorwa mikiani. Mwingine aliuliza bei ya almasi. Mwanafunzi wa chuo aliomba ramani ya uwanja. Hakuna aliyeuliza kitanda.

"Wanaanza polepole," alisema Nicodème.

Aliwaambia watu wote. Alimwambia mchungaji, akawaambia makarani wenzake, akawaambia wauza mihogo sokoni kwamba dunia inaiandikia Kamina na kwamba barua zinakuja kwake. Kila asubuhi alivaa koti na tai, akaketi barazani chini ya ubao wake, akiwasubiri wageni wa intaneti.

Nao walikuja. Walikuja ndani ya jeep, wanaume wawili wenye miwani ya jua na mashati yaliyopigwa pasi. Nicodème alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Karibuni sana mu Résidence Hôtelière L'Horizon Ferroviaire," alianza, na akaendelea. Aliwaeleza hali ya nyumba. Aliwaeleza hali ya reli. Aliwapitisha chumba kwa chumba, akafungua mafundo ya vyandarua kuwaonyesha kwamba havina matundu. Wanaume wale walitazama kila kitu kwa makini mno, chini ya vitanda, nyuma ya makabati, hata darini, na Nicodème akafurahi kwamba amepata wageni wanaojua kuchagua.

"Ile machine iko wapi?" aliuliza mmoja wao mwishowe.

"Machine gani, papa?"

"Ya kusemea na inje." Mtu yule alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa imepigwa chapa mbali, katika ofisi fulani ya wakubwa. Mtu huko alikuwa ameiuliza motere habari za Kamina-base ili ajue adui anaweza kusoma nini, na motere, kwa utiifu, ilimletea jina la kwanza. Chini ya jina yalikuwepo maneno yote, safi, meusi kabisa, maana motere haikujua kwamba yalikusudiwa kuwa meupe: base, ndege, askari, uwanja, almasi. "Weye njo Nicodème Ngoie?"

Phébé, aliyekuwa mlangoni na kijiko cha bukari mkononi, alielewa kabla ya mumewe. Alikiweka kijiko chini taratibu, akaenda kuchukua kitambaa chake cha kichwa.

Hapa Nicodème hupunguza kucheka anaposimulia. Ofisi ya usalama ilikuwa mahali ambapo watu waliingia na wasisikike tena, na kila mtu wa Kamina alimjua mmoja wa namna hiyo. Walimvua tai na mkanda. Walimweka katika chumba kisicho na dirisha pamoja na mtu aliyekuwa analia kimya kimya, na huko, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Nicodème hakupata neno la kusema. Alikaa na magoti yake. Alimfikiria Phébé, na samaki, na jinsi alivyomwambia kwamba mambo haya ni ya kitaalamu.

Kesho yake alipelekwa mbele ya mkuu, mtu mfupi, mchovu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Unielezee," alisema mkuu, akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Ile motere. Inachagua namna gani nani iko wa kwanza?"

Basi Nicodème, ambaye hakuwahi kuiona kompyuta kwa macho yake, alimfundisha mtu mwingine asiyewahi kuiona. Alieleza kwamba motere inasoma kurasa. Kwamba inaangalia kichwa cha ukurasa, na maneno, na kama watu wengine wanaonyesha njia ya kwenda huko. Alisema mtu anayetafuta huandika kile anachohitaji, na mwenye nyumba mwaminifu huandika kile alicho nacho, na motere huwakutanisha. Aliyasema yote aliyoambiwa na Éliane mezani, moja baada ya jingine, na kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia, kama vile ni mtu mwingine anamweleza, kwamba yalikuwa mambo mepesi kabisa.

"Nyumba yako iko na ndege?" aliuliza mkuu.

"Hapana, chef."

"Iko na almasi?"

"Iko na vyandarua, chef."

"Kwa hiyo uliandika maneno ya askari, kusudi bantu yenye banatafuta askari bakute vitanda yako."

"Njo vile, chef."

"Ulishaka kuona hiyo ordinateri, hiyo kompyuta?"

"Niliona photo."

Mkuu aliiweka karatasi mezani. "Na bageni ba intaneti balikuya bangapi?"

Nicodème aliwatazama wale wawili wa miwani waliosimama ukutani. "Aba njo ba kwanza, chef."

Mmoja wao alikohoa. Mkuu alijikanda macho kwa viganja. Alisema kwamba mbele yake anaona vitu viwili tu, jasusi ama mjinga, na kwamba jasusi mzuri ndiye hasa angejifanya mjinga wa namna hii. Angehitaji uthibitisho.

Uthibitisho ulikuwa nje. Phébé hakuwa amelala. Alikuwa amezunguka mji mzima, na sasa uani palijaa watu, na mchungaji Salomon akiwa mbele na Biblia yake kwapani.

"Chef, minyi njo pasteur yake," alisema mchungaji. "Huyu hawezi kuwa espion. Espion anaficha. Kintu chenye Nicodème anajua asubuhi, midi Kamina yote inakijua. Kwa kanisa tulimuondoa mu comité kwa sababu hiyo."

Nicodème hakuwa anajua kwamba ndiyo sababu. Alikuwa ameambiwa wanampumzisha.

Émerence aliingia, akajaza mlango. Alieleza jinsi maneno yote yale yalivyopigiwa kelele ndani ya foni yake, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima. "Nilimugonga bega ili anyamaze," alisema. "Akaongeza sauti. Espion wa namna gani, chef? Hata adui hawezi kumulipa."

Akafuata Malachie, karani mwenzake wa reli. Malachie alisimulia siku Nicodème alipoitangaza treni ya Kolwezi kwa Kifaransa kirefu na kitamu hata treni ikaondoka wasafiri wangali wanasikiliza.

"Iko kweli?" mkuu alimwuliza Nicodème.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Miaka mingi Nicodème alikuwa akikana habari hiyo. Alisema ni uzushi wa wivu. Sasa alimtazama Malachie. "Iko kweli, chef. Lakini balikuwa kidogo."

"Balikuwa mingi," alisema Malachie.

Walikuja wauza mihogo. Alikuja mtu aliyemfundisha kupanda baiskeli na kushindwa. Walikuja watu ambao hakudhani wanamjua, na kila mmoja alikuwa na ujinga wake wa kusimulia, na kila mara mkuu alimgeukia, na kila mara Nicodème alilazimika kuinamisha kichwa na kusema ndiyo. Watu hawa walikuwa wanamwokoa maisha, hilo aliliona. Aliona pia kwamba baadhi yao walikuwa wanafurahia kazi hiyo kuliko ilivyohitajika. Mkuu aliposema inatosha, ameelewa, amesadiki, wale waliokuwa bado nje walikataa kwenda, wakisema nao wamekuja na ushahidi wao.

Mwishowe mkuu alicheka. Alicheka kidogo tu, kama mtu aliyesahau jinsi ya kucheka, kisha akafuta uso na kuamuru arudishiwe mkanda. Tai haikuonekana tena. Yule mtu aliyelia kimya kimya ndani ya chumba kile hakuachiliwa siku hiyo, wala Nicodème hakujua jina lake. Hilo hulisimulia pia.

Sharti lilikuwa kwamba maneno yafutwe mara moja. Mmoja wa wale wenye miwani aliwasindikiza hadi kwenye foni asikilize mwenyewe. Nicodème alimwomba Éliane afute kila kitu, kuanzia base mpaka wahunzi wa Sanga.

"Na nishani ya imla? À vous," aliuliza Éliane.

"Nayo. À vous," alisema Nicodème.

Kisha akampa Phébé kipokezi. Phébé hakuwa amewahi kusema kwenye foni. Alikishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso.

"Éliane, mwana. Andika: Kwa Mama Phébé, Kamina, nyuma ya gare. Iko vyumba ine. Iko moskitere kwa vitanda, maji ya moto, bukari na samaki. Treni ikichelewa, tunakuchungia kitanda." Akafikiri. "Njo vile tu." Akamrudishia Émerence kipokezi, na Éliane akabaki upande wa pili akingoja à vous ambayo haikuja.

Wageni wa intaneti hawakuja safari hii pia. Vita vilisogea, na watu wa Kabongo walianza kufika mjini kwa miguu na kwa baiskeli, godoro nyuma, mbuzi mbele, na Phébé alifungua vyumba vyote bila kumwuliza mtu. Hata mmoja wa wale wawili wa jeep, sasa bila miwani, alikuwa akipita mara kwa mara kula samaki. Nicodème alilala sebuleni kwenye mkeka kati ya watoto wa watu wengine. Nyumba ilijaa hadi barazani, na aliyeijaza hakuwa motere.

Katika siku hizo Éliane alimwita Phébé kwenye foni. Phébé, si Nicodème; ila Nicodème alikwenda naye, akasimama nyuma. Palikuwa na barua moja. Mwandishi aliitwa Ngalamulume, alikuwa mwalimu Lusaka. Mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, yeye na mama yake, Tshibola, walikwama na maelfu ya wengine katika stesheni ya Kamina wakisubiri treni ya kwenda Kasai. Mama yake alifia hapo, kwenye sakafu ya stesheni. Mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa akiwapikia uji aliuosha mwili, akasaidia kuuzika, na treni ikaja, na kijana akaondoka. Hakukumbuka mtaa, wala makaburi. Alikumbuka tu walivyomwita yule mwanamke. Akakaa mbele ya mashine, akaandika: Mama Phébé gare Kamina.

Alitaka kujua jambo moja, kama bado kuna anayejua mahali mama yake alipo.

Foleni haikucheka. Émerence alizima feni yake ndogo ili Éliane asikike vizuri.

"Mwambie ninapajua," alisema Phébé.

Walikwenda siku iliyofuata, mume na mke, na jembe. Phébé alitembea mbele bila kusita, akapita makaburi yenye saruji, akapita yenye misalaba, akafika upande wa majani marefu, akasimama. Walilima mpaka udongo ukaonekana. Nicodème hakuwa amejua kwamba mkewe alifika huko miaka ile. Alikuwa wakati huo kwenye kipaza sauti, anatangaza. Alitaka kumwuliza kwa nini hakumwambia, akakumbuka jinsi mazungumzo yalivyokuwa nyumbani kwake, nani alisema na nani alisikiliza, akaona jibu halihitajiki.

Ubao wa msalaba aliuchonga yeye. Rangi alikuwa nayo. Aliketi barazani, watoto wa Kabongo wakimzunguka, akaanza kwa herufi nzuri za Kifaransa: Hapa amepumzika katika matumaini matukufu ya ufufuo, mbali na nchi ya mababu zake, mama mpendwa... Alipoinua brashi aliona ubao umekwisha, na marehemu hajafika.

Watoto walikuwa wanamtazama. Nicodème alicheka mwenyewe, kwa sauti, hadi Phébé akachungulia kutoka jikoni. Kisha akaugeuza ubao, akaandika upande wa pili: TSHIBOLA. Akaupeleka nje jua liukaushe.